Malalamiko Dhidi ya Nywele Zangu, Zilizomwambia Mama Mkwe Kila Kitu

Hvalba, kisiwa cha Suðuroy,
Visiwa vya Faroe.
20 Oktoba 2014

Kwa Daktari Høgni Lamhauge,
Msimamizi wa Utafiti wa Zebaki kwa Mama na Mtoto,
Tórshavn.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: NYWELE ZANGU, NYAMA YA NYANGUMI NA FURAHA YA NDOA YANGU

Pokea salamu za upendo. Mimi na wewe hatufahamiani, lakini kwa sasa nina upendo mwingi kiasi kwamba unafurika, na hata ofisi zenu hazina budi kupata kidogo.

Naitwa Marjun Kjærbo. Hilo jina la pili kesho litatimiza miezi minne tangu nilipate kanisani, na bado ninaliandika kila ninapoona karatasi tupu, hata nyuma ya risiti za duka ninakouza hapa kijijini. Ni jina la mume wangu, Eyðun. Ungemwona, Daktari, ungeelewa. Ana mwanya katikati ya meno ya mbele ambao upepo ukivuma unapiga mluzi wenyewe, mikono yake inanukia sufu na dizeli, na akicheka kondoo walioko mlimani wanainua vichwa. Tunakaa ghorofa ya chini katika nyumba ya mama yake, Mama Armgarð, huku tukijenga yetu. Nilidhani hakuna kitu kinachoweza kuingia kati yangu na Eyðun. Kisha mkaingia ninyi, na mkasi.

Nimemaliza sekondari, tena vizuri, kwa hiyo nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili myajibu moja moja bila kurukaruka. Na nasema mapema, pasije pakawa na dhana mbaya: mimi si mjamzito. Ninaandika kwa ajili ya haki tu.

1. Kuhusu kukatwa nywele.

Tarehe 26 Agosti nesi wenu, Rakul, alikuja kijijini kukusanya nywele za wanawake walio katika umri wa kuzaa. Nilikubali kwa moyo mmoja. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mnataka kishungi kinene kama penseli, tena kutoka kisogoni, mahali ambapo Eyðun huweka kidevu chake tukiwa tumesimama dirishani tunaangalia mvua. Daktari, mwaka mzima wa uchumba mwanamume huyu aliniomba unywele, unywele mmoja tu, aushonee ndani ya kofia yake ya baharini. Nikamkatalia. Nilimwambia nywele za bibi harusi hazipunguzwi hadi siku ya harusi. Rakul aliomba mara moja tu, akaondoka na kifurushi kilichofungwa uzi kama zawadi.

Jioni Eyðun akaweka kidevu pale pale, akashtuka.

"Hapa pamekuwaje?"

"Daktari amechukua."

"Daktari gani?"

"Wa Tórshavn."

"Ana mke?"

Ninauliza kwa niaba yake.

Tena si nywele peke yake. Rakul alikuwa akikata huku anaongea, na maneno yake sijayasahau mpaka leo, jambo ambalo nalo ni usumbufu. Nilimuuliza kwa utani zebaki ya kwenye kipimajoto imeingiaje kwenye nyama ya Jumapili.

"Haina haraka hiyo, bibi harusi," akasema. "Inatoka na moshi wa makaa ya mawe huko mbali, inashuka na mvua baharini, samaki mdogo anaimeza, ngisi anamla samaki, nyangumi anakula ngisi miaka thelathini, halafu wewe unakuja kumla nyangumi Jumapili moja na viazi."

"Mbona mimi mzima?"

"Wewe ubongo wako umeshajengwa. Wa mtoto aliye tumboni ndiyo kwanza unajengwa, kila seli inatafuta mahali pake pa kukaa. Zebaki inapita kwenye kondo la nyuma kama iliyoalikwa, na damu ya kitovu tunaikuta nayo zaidi kuliko damu ya mama. Mama anakula, mtoto anapelekewa."

"Atazaliwa kilema?"

"Hutaona kitu. Mtoto mzuri, anacheka, ana mashavu. Miaka saba baadaye unamwonyesha picha, jina liko mdomoni, halitoki upesi. Ni kama amechelewa mwezi au miwili kwenye mambo fulani. Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema ni zebaki. Kwa watoto elfu, tunaiona."

Hayo yote, Daktari, aliyasema kisogoni kwangu ameshika mkasi, mahali ambapo siwezi kubishana na mtu.

2. Kuhusu nywele hizo kusema.

Hapa ndipo penye uchungu. Mimi sikujua kama nywele zinasomeka. Sikujua kwamba unywele unaota sentimita moja kila mwezi na kwamba kila sentimita inahifadhi zebaki ya mwezi wake, kama shajara. Nywele zangu zinafika kiunoni. Kwa maneno mengine niliwapa shajara ya zaidi ya miaka mitatu, na ninyi mkaisoma yote, mkachora grafu, mkaandika majina ya miezi chini yake kwa maandishi safi, mkaiweka katika bahasha iliyoandikwa "Bi. Kjærbo, Hvalba." Basi. Hakuna jina la kwanza. Nyumba yetu, Daktari, ina Bi. Kjærbo wawili.

Niliporudi kutoka dukani nilimkuta Mama Armgarð mezani amevaa miwani, ameshika rula.

"Marjun, mwanangu, hebu njoo unisomee. Hii Februari ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka jana, Mama."

"Mwaka jana Februari ulikuwa Tórshavn."

"Ndiyo, Mama. Kwa shangazi."

"Yule asiyekula kitu chenye macho."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa nyangumi ulimla wapi?"

Naomba niwaeleze, kwa kuwa mmeshajua nusu. Majira yale ya baridi hakuna aliyejua kwamba mimi na Eyðun tunapendana. Kila Ijumaa nilipanda kivuko kuja Suðuroy, nikimwambia shangazi naenda kumwona rafiki mgonjwa. Eyðun alinisubiri katika banda la mashua. Hakuwa na maua, na maua hapa Februari yatoke wapi. Alikuwa na kisu cha mfukoni na kipande cha nyama ya nyangumi iliyokaushwa kwa upepo, nyeusi kama usiku, na alinikatia vipande vyembamba kimoja kimoja, akinilisha, mawimbi yakipiga chini ya mbao. Mpaka leo nikionja chumvi nayasikia mawimbi yale. Nyama hiyo aliitoa katika kibanda cha kukaushia cha mama yake, ambako huning'inizwa kwenye kamba. Ninasema "aliitoa". Mama yake hutumia neno jingine.

Na Mama Armgarð aliona kibanda kinapungua. Akamshuku Mzee Hanus, jirani yetu wa miaka sabini na minane, ambaye kibanda chake kimegusana na chetu. Hakumwambia kitu. Aliacha tu kumsalimia. Mwaka mmoja na nusu, Daktari! Kanisani alihama benchi. Kwenye harusi yetu waliitwa watu wa vijiji vitatu, wakashikana mikono wakacheza duara wakiimba mpaka sakafu ikalia, na Mzee Hanus akausikiliza wimbo wote kupitia ukuta wa nyumba yake.

Sasa Mama akaweka kidole juu ya kile kilima cha Februari na Machi, pale mstari wenu wa zebaki ulipopanda kuliko miezi yote, ukafika tisa nukta mbili.

"Hii ndiyo nyama yangu," akasema. "Kamba ya tatu kutoka mlangoni."

Eyðun alikuwa amesimama mlangoni na buti mkononi. "Mama, mimi ndiye niliyeibeba."

"Nyamaza wewe, hujapimwa."

Hapa kijijini habari haikai ndani. Kesho yake Mzee Hanus alibisha hodi, amevua kofia, akaomba kwa adabu nakala ya ile grafu. Ameitundika ukutani karibu na picha ya marehemu mkewe. Kila anayekwenda kunywa kahawa kwake anaonyeshwa kwa kijiti: "Huyu hapa mwizi. Lakini mnaona alivyo na nywele nzuri?"

Je, Mheshimiwa, kazi yenu ni kupima zebaki au kupeleleza wapenzi?

3. Kuhusu ile miezi mitatu.

Mwongozo wenu, uliobandikwa dukani kwangu juu ya mizani ya viazi, unasema mtu mzima asizidishe mlo mmoja kwa mwezi, na kwamba mwanamke anayenyonyesha, aliye mjamzito, au anayepanga kupata mimba katika miezi mitatu ijayo asile nyama ya nyangumi kabisa. Anayepanga! Daktari, nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima, ni nani aliyefunga ndoa mwezi Juni ambaye anapanga? Tunapanga rangi ya mapazia. Tunapanga mahali pa jiko. Hayo mengine yanakuja yenyewe, hasa ukiwa umeolewa na mtu mwenye mwanya.

Na kuna jambo ambalo ninyi wa mjini hamkulifikiria. Hapa kila mtu ameusoma mwongozo huo. Kila mtu anajua nani amepata fungu la nyama na nani anakula nini Jumapili. Kwa hiyo bibi harusi akisukuma kipande pembeni ya sahani, ni sawa na kupandisha bendera.

Jumapili ile baada ya Rakul kuondoka nilikula viazi tu. Mama Armgarð akatazama sahani yangu, akatazama tumbo langu, akarudi kwenye sahani.

"Mbona nyama imekaa pembeni kama haijajulishwa kwa mtu?"

"Nimeshiba, Mama."

"Umekula viazi viwili."

Jumatatu asubuhi dukani, mteja wa kwanza alinunua kahawa akaniambia hongera. Wa pili alihesabu vidole vyake mbele yangu: "Septemba, Oktoba, Novemba. Kumbe Novemba!" Wa tatu, mama aliyefuata nyuzi za kufumia, aliniuliza nataka soksi za rangi gani. Kufika mchana kitanda cha mtoto kilikuwa kimeletwa mlangoni, cha mbao, kimepakwa rangi upya, rangi haijakauka. Na mimi, narudia tena, si mjamzito.

Mmegeuza kipande cha nyama kuwa kipimo cha mimba, tena kipimo kinachosomwa na kijiji kizima kabla yangu mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo, ili kulinda heshima yangu, nimekuwa nikipakua nyama kila Jumapili mbele ya watu wote, kipande kikubwa, na sahani yangu inarudi jikoni tupu. Andikeni hivyo kwenye faili lenu.

4. Kuhusu mume wangu, ambaye mlimjua kabla yangu.

Eyðun alizaliwa mwezi Machi 1987 na ni mmoja wa watoto wenu. Kabla hajapata jina, mlishachukua damu ya kitovu chake na nywele za mama yake. Alipofikisha miaka saba mlimwita Tórshavn, mkamgongesha kidole mezani haraka haraka, mkamsomea maneno ayarudie, mkamwonyesha picha. Mlimwita tena akiwa na miaka kumi na minne, na tena akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Mnazo kurasa ngapi zinazomhusu? Mimi ninayo miaka miwili tu! Ninakiri bila aibu kwamba naona wivu. Kuna wanawake wanaoonea wivu mchumba wa zamani. Mimi naonea wivu kabati la mafaili.

Amenisimulia ile siku ya picha. Alizitaja zote mpaka mkamwonyesha pweza. Mtoto wa baharini, Daktari, aliyewahi kumng'ang'ania pweza kwa mikono yake miwili! Alimwona, alimjua, alijua hata anavyonata. Jina halikutoka. Mkafunga kitabu, mkamshukuru, mkampa biskuti. Lilimjia akiwa kwenye kivuko cha kurudi, akaruka kwenye kiti akapiga kelele "PWEZA!" mbele ya abiria wote, mpaka mzee mmoja akamwaga chai.

Nilicheka nilipoisikia, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka alivyonichumbia. Miezi miwili, Daktari. Miezi miwili kila tukiagana gatini ananishika mikono, anasema, "Marjun, nataka... nataka..." na masikio yanakuwa mekundu, na kivuko kinapiga honi. Siku moja niliagana naye hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani kwa shangazi simu ikalia. Alikuwa amesimama peke yake gatini bado, upepo unapiga mluzi kwenye meno yake, anapaza sauti: "NDOA! Nilitaka kusema ndoa!"

Nilimuuliza Rakul kama ile ni zebaki au ni haya tu. Akanijibu yale yale, kwamba kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kusema. Basi kama hakuna anayeweza kusema, kwa nini mmeniachia swali hili ndani ya nyumba? Sasa kila Eyðun akisita kabla ya kutaja kitu, chumvi, nyundo, Alhamisi, ninamwangalia mdomoni. Anadhani ni mapenzi. Ni mapenzi ndiyo, lakini si yote.

Nimemuuliza Mama Armgarð kuhusu barua ya majibu mliyomtumia yeye mwaka ule. Anasema hakumbuki alikoiweka. Ni mtu anayekumbuka kamba ya tatu kutoka mlangoni.

5. Kuhusu mabomba ya moshi.

Hili ni fupi. Moshi unatoka katika nchi nyingine. Hakuna bomba hata moja la kiwanda ninaloliona kutoka dirishani kwangu, naona mlima, kanisa na kondoo. Mtu anachoma makaa ya mawe huko asikonijua, anauza umeme wake, analala vizuri, na anayekatwa nywele ni mimi. Sahani yangu inaondolewa, bomba linaachwa limesimama. Naomba Rakul atumwe na mkasi wake kwa wenye mabomba, aanze na kisogo cha mkurugenzi.

6. Nilikuwa na la sita, lilikuwa zito kuliko yote, lakini Eyðun ameingia jikoni sasa hivi na theluji kwenye nyusi na nimelisahau. Namba yake naiacha wazi.

Kutokana na hayo, ninaomba mambo yafuatayo yatekelezwe kabla ya Krismasi. Mtangaze rasmi kwamba nyama ambayo mke analishwa na mume wake kwa mkono, katika mwaka wa kwanza wa ndoa, haihesabiwi. Mniletee nakala ya faili lote la Eyðun, pamoja na ile picha ya pweza, iwe zawadi yenu ya harusi, kwa kuwa hamkuleta nyingine. Mmwandikie Mama Armgarð barua yenye mhuri kumweleza kwamba mkwe anayekataa nyama yake hamkatai yeye, maana mimi nimeshindwa kupata maneno ya kumwambia hivyo na ninampenda sana. Na mnirudishie nywele zangu, zikiwa katika mpangilio wa miezi, nimpe Eyðun Februari na Machi aweke kwenye kofia.

Nisipojibiwa, nitaendelea kula, na nitaendelea kuandika. Kalamu ninayo na duka lina wino.

Nawaacha na heri zote za mtu mwenye furaha. Nisalimie Rakul, mwambie sina kinyongo na yeye, mkono wake ni mwepesi. Nisalimie wale wanaokata nywele vipande vya sentimita moja moja, lazima wana subira ya ajabu. Isalimieni mashine. Na mkeo, kama yupo. Eyðun bado anasubiri kujua.

Wenu katika haki na mapenzi,

Marjun Kjærbo
(mke wa Eyðun)

Tanbihi:

Daktari, bahasha nimeifungua tena. Niliiacha mezani nikaenda kutafuta stempu, na kwa kuwa nyuma nilikuwa nimeandika "Kjærbo" peke yake, Mama Armgarð aliona inamhusu. Ameisoma yote. Nilimkuta amevua miwani.

"Muongo mkubwa wewe," akaniambia. "Sahani inarudi tupu! Tryggur amenenepa mpaka hawezi kukimbiza kondoo. Unadhani sijui nyama inavyosafiri kwenye mfuko wa aproni?"

Tryggur ni mbwa wetu. Ni kweli. Tangu Rakul ashike kisogo changu tarehe 26 Agosti sijameza hata kipande kimoja. Na mimba ninayo, imeingia wiki ya tisa. Nilikuwa nimemwambia Eyðun peke yake. Tulimwambia hapo hapo mezani, na yeye akasema alijua tangu viazi viwili, yaani hata kabla ya mimba yenyewe.

Nimehesabu kwenye kalenda ya duka mara kumi na moja, vile mkunga alivyonihesabia. Mlisema miezi mitatu. Mimi, tangu niache nyama hadi mimba kuingia, nilipata siku tisa.

Nikamwambia Mama hivyo, siku tisa. Alipanda juu akarudi na kopo lake la vifungo, akamwaga vifungo vyote mezani, na chini kabisa palikuwa na bahasha yenu ya mwaka 1987. Haijawahi kufunguliwa.

"Nilikuwa na mtoto mzuri mikononi," akasema. "Namba ya nini? Na wakati ule nilikuwa nimeshakula, Marjun. Miezi tisa nilikula, kila mtu alinipa kipande kizuri kwa sababu nina mimba. Hakuna aliyeniambia."

Nikamwambia yale ya Rakul, kwamba kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema, ila kwa watoto elfu.

"Mimi sina watoto elfu. Ninaye mmoja." Kisha akauliza, akitazama vifungo: "Kama nisingekula, angekuwa nani?"

Nikamwambia angekuwa huyu huyu, Mama, na mwanya wake, ila angenichumbia miezi miwili mapema, na nyama yako ingepona. Akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Halafu akanisukumia bahasha niifungue. Nikamsomea namba. Akamwita Eyðun.

"Lete ngazi."

Ameshusha nyama yote, Daktari, kamba zote, mwenyewe, kwa miaka yake sitini na moja, na amempelekea Mzee Hanus na kumwomba radhi. Mzee amesema atakula mlo mmoja kwa mwezi kama ilivyobandikwa, na kwamba kwa upande wake hana mpango wa mimba.

Kwa hiyo malalamiko yangu nayafuta, isipokuwa la tano, la mabomba, hilo libaki. Na la sita nimelikumbuka. Lilikuwa hili: kwamba mlikuja Agosti. Mngekuja Mei, kabla ya harusi, wakati nikimnyima Eyðun unywele mmoja. Ningewapa kichwa kizima.

Humu ndani kuna kishungi kingine cha nywele zangu. Mama Armgarð amekikata mwenyewe, kwa mkasi wa kukatia sufu, ndiyo maana kimepinda. Msisome chote, yaliyopita mnayajua. Someni zile sentimita mbili zilizo karibu na ngozi, mtuambie kama mstari unashuka, na unashuka upesi kiasi gani.

Jibu liandikwe kwa Bi. Kjærbo, Hvalba. Atakayelipata kwanza alifungue.